Mikono Inayotetemeka: Je, Umeme wa Kichwani Unaponya?

(Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia huko Muhoroni. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni. Kisomeni kikundini, kisha mjadiliane. – Mhariri)

  

  

Wapendwa, nimeombwa nizungumze juu ya kutetemeka kwa mikono. Najua kwa nini nimeombwa. Kuna habari inazunguka hapa, kutoka Koru mpaka Awasi, kwamba imepatikana mashine ya kutia umeme kichwani, bila kisu na bila sindano, na mtetemeko unakwisha. Watu wengi wamenijia nyumbani na swali hilo. Mmoja alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijawasha moto. Nitawajibu, wala sitaficha neno. Lakini niruhusuni nianze na mama mmoja ambaye amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kutaja jina. Tumwite Dani, kama wajukuu wake wanavyomwita.

Habari ya Dani

Dani ana miaka 68. Kwa miaka 9 alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama. Pesa za kila mwezi alizihesabu yeye, na daftari aliliandika yeye. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa chai kumwagika. Halafu ikawa kutia uzi kwenye sindano, hawezi. Mwisho ikawa sahihi yake. Benki ikarudisha fomu ya kutolea pesa mara mbili, ikisema sahihi hailingani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema mama huyu anakunywa kwa siri. Wengine wakasema ni chira, kuna mwiko alivunja wakati wa mazishi ya mumewe. Na wale wabaya zaidi wakasema amekula pesa za kikundi, ndiyo dhamiri inamtetemesha. Wakamwondoa kwenye kazi ya hazina bila kumwuliza neno. Daftari likakaguliwa, na hakuna hata shilingi moja iliyokosekana. Lakini hakuna aliyekwenda kumwambia pole.

Baadaye akaja bwana mmoja sokoni na mkoba. Alikuwa na kisanduku, nyaya mbili na vitambaa vya maji ya chumvi. Akamkalisha Dani kwenye kiti mbele ya watu, akamfunga vitambaa kichwani, akamwambia kwa upole, “Mama, weka mikono yako mapajani, funga macho, pumua polepole.” Zikapita dakika kumi. Watu wakaangalia: mikono imetulia! Wakapiga makofi. Bwana akasema hilo lilikuwa jaribio la bure, na kwamba matibabu kamili ni mara 10, kila mara shilingi 4,500.

Pigeni hesabu. Shilingi 45,000. Mwana wa Dani akasema atauza ng'ombe. Na wenzake wa kikundi, kwa sababu mioyo ilikuwa inawachoma kwa vile walivyomtendea, wakasema watatoa nusu kutoka kwenye akiba yao. Mwenyekiti akaja kwangu jioni hiyo akaniuliza, “Sista, tutoe ama tusitoe?”

Nilimwambia, “Nileteeni Dani kesho, na mje na kikombe.”

Kutetemeka si ugonjwa mmoja

Kabla ya kuwaambia habari za kikombe, nataka mfahamu jambo moja kubwa. Kutetemeka si ugonjwa mmoja, kama vile homa si ugonjwa mmoja. Homa yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa taifodi, yaweza kuwa kidonda kilichoingia uchafu. Ukitibu malaria kwa mtu mwenye taifodi unapoteza pesa na unampoteza mtu. Kwa kutetemeka ni vivyo hivyo.

Aina ya kwanza ni mtetemeko unaokuja mtu anapofanya kazi. Mikono ikipumzika inatulia. Akishika kikombe, kalamu au kijiko, inaanza. Mara nyingi ni mikono yote miwili, na kwa wengine kichwa na sauti pia. Mara nyingi uko katika ukoo: mama alikuwa nao, mjomba alikuwa nao. Hauui, lakini unamnyima mtu heshima yake, maana anaogopa kula mbele ya wageni.

Aina ya pili ni ugonjwa wa Parkinson. Umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Huu mara nyingi ni kinyume cha ule wa kwanza: mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, na aghalabu unaanza upande mmoja. Mtu anakuwa mzito wa kusimama, hatua zake zinakuwa fupi, mkono mmoja hauchezi akitembea, uso unakuwa kama hauna habari, maandishi yanakuwa madogo mno. Tena si kila mwenye Parkinson hutetemeka. Chanzo chake ni kwamba chembe fulani ndani ya ubongo, zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, zinakufa kidogo kidogo.

Aina ya tatu ni ile ya sababu nyingine, na hii hospitali ya kawaida yaweza kuitambua. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka, moyo hukimbia na mtu hukonda. Mlevi aliyeacha pombe ghafla hutetemeka. Dawa nyingine hutetemesha: dawa za pumu, baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, hata Plasil ya kuzuia kutapika ikitumiwa kwa muda mrefu. Na wenzetu wa kule Migori wanaosafisha dhahabu kwa zebaki wajue kwamba mvuke wa zebaki ni sumu ya ubongo, na mtetemeko ni mojawapo ya dalili zake.

Mnaona sasa? Yule bwana wa sokoni hakumwuliza Dani swali hata moja. Hakuuliza anatumia dawa gani. Hakumshika shingo. Alimfunga vitambaa tu.

Siri ya kikombe

Asubuhi Dani alikuja na wenzake. Nikamwambia aweke mikono mapajani. Ikatulia kabisa, na mimi sikuwa na mashine yoyote! Akina mama wakatazamana. Kisha nikajaza kikombe maji nusu, nikamwambia anywe. Maji yakamwagika mpaka kwenye leso.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipokuwa siri ya sokoni. Mtetemeko wa Dani ni wa aina ile ya kwanza. Mikono yake hutulia kila inapowekwa mapajani, iwe kuna nyaya kichwani au hakuna. Hata kama angekuwa na Parkinson, bado dakika kumi za kukaa kwa utulivu na kusemeshwa kwa upole zingeweza kumpunguzia, kwa sababu kila mtetemeko hupanda mtu akiwa na hofu, njaa, uchovu au aibu, na hushuka akitulia. Matumaini peke yake huweza kuutuliza mkono kwa muda. Sisemi kwamba mgonjwa anajifanya. Ndivyo mwili ulivyoumbwa.

Mwenyekiti akaniuliza, “Kwa hivyo hii habari ya umeme ni uwongo mtupu?” Nikamwambia hapana. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jibu lina pande mbili.

Umeme na sumaku kichwani: ukweli wake

Ubongo wetu wenyewe unafanya kazi kwa umeme, mdogo sana. Chembe moja inaita nyingine kwa umeme huo. Ukitaka kuinua jembe, habari inatoka sehemu ya juu ya ubongo, inasaidiwa na ubongo mdogo wa nyuma, na inapita kwenye kituo cha katikati kiitwacho talamasi. Talamasi ni kama stesheni ya reli, treni nyingi zinapita hapo.

Sasa fikirini kwaya. Kila sauti ina zamu yake, na wimbo unapendeza. Halafu fikirini kundi moja lianze kupiga makofi kwa mpigo mmoja, pa-pa-pa-pa, na mwalimu wa kwaya akiinua mkono kuwanyamazisha hawanyamazi. Ndivyo ilivyo katika mtetemeko. Chembe nyingi zinapiga kwa pamoja bila kuacha. Katika Parkinson, mpigo huo ni kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde moja. Katika ule wa aina ya kwanza ni mara 4 hadi 12.

Kwa hivyo wataalamu wakajiuliza: je, twaweza kuuvuruga mpigo huo kutoka nje, bila kupasua fuvu? Wazo la umeme si jipya. Karibu miaka 2,000 iliyopita daktari wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa awekewe samaki wa baharini mwenye umeme. Wavuvi msijaribu!

Katika miaka yetu ziko njia kama tatu.

Njia ya sumaku. Mwaka 1985, huko Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha mashine yenye koili ya waya. Koili inawekwa juu ya kichwa, inatoa nguvu ya sumaku kwa nukta ndogo ya wakati, nguvu hiyo inapita kwenye mfupa na kuamsha umeme mdogo ndani ya ubongo. Kidole cha mtu kikaruka bila yeye kutaka. Marekani iliruhusu mashine ya namna hii mwaka 2008, lakini iliiruhusu kwa watu wenye huzuni kubwa ambayo dawa imeshindwa. Haikuwa kwa mtetemeko.

Njia ya umeme mdogo unaotiririka. Hii inatumia betri na sponji zenye maji ya chumvi. Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mkondo mdogo sana, kama miliampea 1, waweza kubadilisha kwa muda jinsi sehemu ya ubongo inavyoitikia. Kisanduku cha yule bwana kilifanana na hiki.

Njia ya umeme wa mpigo. Mwaka 2013 watu wa Oxford, akina John-Stuart Brittain na Peter Brown, waliupima mtetemeko wa wagonjwa wachache wa Parkinson, kisha wakawatia kichwani umeme mdogo uliopangwa kwenda kinyume na mpigo wa mkono. Ni kama mtu anayepiga makofi kinyume na lile kundi la kwaya mpaka linapotea njia. Mtetemeko ulipungua karibu nusu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu! Lakini ilikuwa ni wakati umeme unapita na kufuatana sawasawa na mkono wa mtu yule, kwa kipimo chake mwenyewe. Kisanduku kisichopima mkono hakiwezi kufanya hivyo.

Mtasikia pia habari za mawimbi ya sauti. Hiyo ni njia nyingine. Mgonjwa anaingizwa kwenye mashine kubwa ya kupiga picha, na kofia yenye vyanzo vya sauti zaidi ya elfu moja inaelekeza mawimbi mahali pamoja ndani ya talamasi mpaka sehemu ndogo inaungua. Marekani iliikubali mwaka 2016 kwa mtetemeko wa aina ya kwanza uliokataa dawa. Hakuna kisu, ni kweli, lakini kilichoungua hakirudi. Na iko ile ya kupasua na kuweka waya ndani ya ubongo, iliyoanzishwa na Alim Louis Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Hiyo imesaidia watu wengi duniani, lakini ni upasuaji mkubwa na gharama yake hata kuuza shamba zima la miwa hakutoshi.

Mbona basi hawajatupa?

Mtaniuliza: ikiwa sumaku na umeme mdogo vinafanya kazi, mbona si tiba hospitalini? Kwa sababu majaribio mengi yamefanywa kwa watu wachache. Mengine yameonyesha nafuu, mengine hayakuonyesha. Nafuu nyingine hudumu dakika au siku chache tu. Na kuna lile jambo la matumaini nililolitaja. Ndiyo maana mtafiti mwaminifu huwagawa wagonjwa mafungu mawili: fungu moja linapata umeme, fungu jingine linafungwa nyaya hizo hizo lakini umeme hauendelei kupita. Mgonjwa hajui yuko fungu gani. Wote wakipata nafuu sawa, basi kilichosaidia si umeme.

Hivyo neno langu ni hili. Habari ya umeme wa kichwani ni ya kweli kama utafiti. Bado si tiba iliyothibitishwa ya mtetemeko. Kosa la yule bwana ni kuuza sokoni kama tiba kitu ambacho wenye nacho bado wanakipima.

Na kuna alama ya kuwatambua. Utafiti wa kweli haumwuzii mgonjwa matibabu. Unamweleza kwa lugha anayoifahamu, unamwomba akubali kwa maandishi, unampa haki ya kukataa na kuondoka, na una kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI. Mtu akija kikundini kwenu na mashine, mwombeni karatasi hizo. Asipokuwa nazo, mpeni chai, aende zake.

Mnamkumbuka yule mama wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12? Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Sipendi mama yeyote wa Muhoroni afike hapo.

Tulichomfanyia Dani

Hatukumwacha hivi hivi. Kusema “usiende kwa huyo” bila kusema “twende hapa” ni kumfungia mtu mlango. Kikundi kilitoa nauli, tukaenda naye hospitali ya hapa Muhoroni. Wakampima shinikizo la damu, moyo, na kifua. Wakauliza dawa zote anazotumia. Damu ya kupima tezi ilipelekwa Kisumu. Majibu yaliporudi yakiwa mazuri, akaanzishiwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, ambayo bei yake si ya kutisha. Dawa hii huwasaidia wengi wenye mtetemeko wa aina ya kwanza, si wote. Mwenye pumu hapewi, na aliyeizoea haachi ghafla. Msiende dukani kuinunua kwa sababu mmeisikia kwangu!

Je, Dani amepona? Hapana. Mkono bado unatetemeka, lakini umepungua. Anakunywa chai kikombe kikijazwa nusu. Siku nyingine sahihi inatoka, siku nyingine haitoki. Benki ilibadilisha fomu na sasa anaweka kidole gumba. Kikundi kimemrudisha kwenye hazina: yeye anahesabu, msichana wake anaandika. Na siku ile aliporudi, mwenyekiti alisimama mbele ya wote akasema, “Mama, tulikukosea.” Nawaambieni, sijui kama dawa ilimsaidia kuliko neno hilo.

Ng'ombe bado yuko boma.

Majirani zetu wa Tanzania

Msifikiri Dani yuko peke yake. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walitafuta nyumba kwa nyumba katika watu wapatao 161,000. Ripoti yao ilitoka mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wamekaa nyumbani tu, wakisemwa kwamba ni uzee au wamerogwa. Walipotafutwa ndipo ikawezekana kuwapa levodopa, dawa iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1960 na ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo la wagonjwa wa Parkinson.

Kwa hivyo tatizo la kwanza la kwetu si kukosa mashine ya sumaku. Tatizo la kwanza ni kwamba mgonjwa hajulikani. Na kazi hiyo ya kumtafuta haihitaji stima. Inahitaji kikundi.

Kazi ya kikundi

1. Mkimwona mtu anatetemeka, mwulizeni kwa heshima: inakuja ukipumzika ama ukifanya kazi? Upande mmoja ama yote miwili? Ilianza lini? Kuna nani mwingine kwenu?

2. Mpeni kalamu achore mduara unaozunguka kama konokono, kutoka katikati kwenda nje. Andikeni tarehe. Rudieni kila mwezi. Karatasi hizo zitamsaidia daktari kuona kama hali inazidi au inapungua. Na mtu akidai amemponya, mwambieni achore tena!

3. Kusanyeni dawa zote anazotumia kwenye mfuko, hata za duka na za mitishamba, mwende nazo hospitali.

4. Anzeni na zahanati na mhudumu wa afya ya jamii. Kutoka hapo mwelekezwe hospitali ya Muhoroni, na ikibidi mwende Kisumu kwenye Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Madaktari wa neva nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, lakini dawa za kwanza zaweza kuanzishwa bila kufika huko. Hakikisheni jina limeandikishwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ya siku ya ugonjwa.

5. Msimwondoe mtu kazini kikundini kabla hajapimwa. Badilisheni kazi, msimtupe mtu.

Maswali

Mzee mmoja: Sista, mimi nikinywa kidogo mkono unatulia. Si hiyo ni dawa?

Asante, mzee wangu, kwa kusema ukweli. Ni kweli, mtetemeko wa aina ya kwanza mara nyingi hutulia kwa pombe kidogo. Lakini baada ya saa chache unarudi, na mara nyingine kwa nguvu zaidi. Kesho unahitaji glasi mbili. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyoitwa mlevi, na mwishowe anakuwa mlevi kweli. Mweleze daktari jambo hilo, maana linamsaidia kuutambua ugonjwa. Lakini usilifanye tiba. Na chang'aa iliyotiwa methanoli ni mbaya zaidi, inapofusha macho na kuharibu ubongo.

Mama mmoja: Tumesikia upupu unatibu. Na sisi tuliupanda kama mbolea ya kijani.

Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, hilo ni kweli, na mwaka 2017 ilitolewa ripoti ya jaribio kwa wagonjwa 18 wa Parkinson huko Bolivia ambalo lilionyesha unga wake unasaidia. Lakini ulitayarishwa na kupimwa na wataalamu. Mbegu za shamba lako hujui zina nguvu kiasi gani. Zaweza kukutapisha, kukuangusha kwa shinikizo kushuka, au kukuchanganya akili. Na kwa mtetemeko wa Dani hazina kazi, maana yeye hakosi dopamini.

Kijana mmoja: Mimi ni fundi wa redio. Naweza kuutengeneza huo mkondo wa miliampea moja?

Mwanangu, usijaribu! Betri ya gari, chaja ya simu, waya wa stima, hata betri ndogo, visiguse kichwa cha mtu. Ngozi itaungua, na ukikosea waya unaua. Hata zile mashine za sumaku za hospitali zaweza kuleta kifafa kwa watu wachache, na mwenye chuma kichwani au mashine ya moyo kifuani hakaribishwi.

Mama mwingine: Je, kwenda hospitali ni kukosa imani?

La, mama. Tutamwombea mgonjwa, tena tutamshika mkono mpaka hospitali. Mkono ule ule uliomwekea juu ya kichwa ndio umlipie nauli.

Nimemaliza. Naomba mkirudi nyumbani mfikirie mtu mmoja tu ambaye ameacha kuja kanisani au kikundini kwa sababu mikono yake inamwaibisha. Nendeni kwake wiki hii. Mkunywe naye chai, na kikombe mjaze nusu.

   

Ya kujadiliana kikundini

1. Ni majina gani tunawaita watu wanaotetemeka hapa kwetu? Majina hayo yanawafanyia nini?

2. Akiba yetu ya ugonjwa itumike kwa masharti gani? Nani ataamua kama tiba fulani ni ya kweli?

3. Kuna kazi gani kikundini ambayo mwenye mikono dhaifu anaweza kuifanya vizuri?